Je, Mbio za Pikipiki Zaweza Kurudi Katika Uwanja Mkubwa wa Taifa?

Ninyi mlioko darasani na ninyi mliokwisha kutoka, somo hili halikuanza kitabuni. Lilianza Buyenzi, katika gereji moja ndogo ya pikipiki, nami nilikuwa nimekaa juu ya debe nikingoja mnyororo wangu ukazwe.

Fundi wa gereji ile nilisoma naye, dawati moja. Sitamtaja jina, lakini waliosoma wakati wetu watamkumbuka: ndiye aliyekuwa akija shuleni kwa baiskeli isiyo na breki, akisimama kwa kuburuza kiatu chini. Alipomaliza masomo alinunua pikipiki, akawa anachukua abiria. Jumapili alfajiri, yeye na wenzake walikuwa wakishindana katika barabara ya Gatumba, kwa sababu ni tambarare na imenyoka. Alfajiri moja palikuwa na lori limesimama bila taa. Mwenzetu alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Kijana aliyekuwa nyuma yake hakurudi nyumbani kabisa.

Siku ile gerejini alinionyesha filamu katika simu yake. Pikipiki nne zilikuwa zikizunguka ndani ya uwanja mkubwa wa mpira, watu wamejaa mpaka juu, na udongo unaruka nyuma ya magurudumu kama mvua.

“Mwalimu,” akaniambia, “hapa ni Warsaw, uwanja wa taifa wa Wapoland. Nasikia zamani Waingereza nao walikuwa wakikimbia Wembley. Mbona sasa hawakimbii? Na je, mchezo uliokwisha kutoka katika uwanja waweza kurudi?”

Nikamwomba wiki mbili nikasome. Naandika hapa niliyomjibu, maana naona yafaa hesabu, yafaa historia, na yafaa pia kwa vijana wetu wenye pikipiki.

1. MCHEZO WENYEWE

Mbio hizi za uwanjani Wazungu huziita spidiwei. Waendeshaji wanne husimama mstari mmoja mbele ya tepe. Tepe zikiruka juu wote huondoka pamoja, huzunguka mara nne, na kila kona ni ya kushoto. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hapati kitu. Shindano moja huchukua kama dakika moja tu, kisha huingia wengine wanne.

Pikipiki yake si kama hizi zetu. Injini ina silinda moja ya sentimeta za ujazo 500. Gia ni moja. Mafuta yake ni methanoli, ambayo ni sumu, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Breki haina hata moja. Msomaji atauliza: chombo cha kasi namna hiyo kwa nini kinyimwe breki? Sababu ni kwamba wanne hukimbia wamekaribiana sana. Mmoja akifunga breki ghafula, wa nyuma atampanda. Mwendo hupunguzwa kwa mkono unaoachia mafuta, na kwa kuiteleza pikipiki yenyewe.

Kuteleza huku ndiko roho ya mchezo. Akifika kwenye kona, mwendeshaji hulitia gurudumu la nyuma nguvu nyingi mpaka lipoteze mshiko, likasukumwa nje. Gurudumu la mbele hulielekeza kulia, ingawa yeye anakwenda kushoto. Mguu wake wa kushoto huukokota chini, umevikwa kiatu cha chuma. Rafiki yangu alipoona kiatu kile alicheka, akasema, “Huo ndio mguu wangu. Mimi nilianza mapema mno.”

Sasa tufanye hesabu. Kitu kinachozunguka kona huvutwa kuelekea katikati ya kona, na mchapuko wake hupatikana hivi: mwendo mara mwendo, gawanya kwa nusu ya kipenyo cha kona. Chukua mwendo wa meta 15 kwa sekunde, yaani kilometa 54 kwa saa, na kona yenye nusu kipenyo cha meta 25. Mara 15 kwa 15 ni 225. Gawanya kwa 25, ni 9. Kumbuka kwamba mvuto wa dunia ni 9.8. Basi udongo unamsukuma mtu yule kando kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wake wote. Ndiyo maana udongo wenyewe ni jambo kubwa kuliko injini. Ukiwa mkavu mno, hutimka vumbi. Ukiwa na maji mno, hushika ghafula na kumrusha mtu. Ukiwa umelazwa vibaya, huchimbika mashimo.

Hesabu ya pili ni ya barabara ya Gatumba. Nguvu ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mwendo mara mwendo. Anayekwenda kilometa 108 kwa saa ana mwendo maradufu ya yule wa 54, lakini nguvu ya kugonga ni mara nne. Katika duara fupi kona huja kila baada ya sekunde chache, wala haimwachi mtu aongeze mwendo bila kikomo. Katika barabara iliyonyoka hakuna kinachomzuia, ila woga wake, au lori. Sisemi kwamba mchezo wa uwanjani hauna hatari. Watu wamekufa humo pia. Nasema kwamba humo hakuna lori linalokuja mbele, na daktari yuko tayari kabla ya tepe kuruka.

2. WEMBLEY

Mchezo huu ulikua Australia baada ya mwaka 1920 na kidogo, ukafika Uingereza. Tarehe 19 Februari 1928 watu walifurika High Beech, karibu na London, kuutazama. Mwaka uliofuata, 1929, Wembley ikawa na timu yake, ikaitwa Simba wa Wembley.

Hapa lazima tumjue Arthur Elvin. Uwanja wa Wembley ulifunguliwa mwaka 1923, kisha yakafanyika pale maonyesho makubwa ya Dola ya Waingereza. Maonyesho yalipokwisha, uwanja ulibaki na madeni. Elvin aliununua mwaka 1927. Fainali ya kombe la mpira ilikuja mara moja tu kwa mwaka, nayo siku moja haiwezi kulisha uwanja siku zote nyingine. Kwa hiyo Elvin alileta mbio za mbwa mwaka ule ule wa 1927, na pikipiki mwaka 1929. Hivyo tusidhani pikipiki zilikaribishwa Wembley kwa mapenzi. Zilikaribishwa kwa sababu uwanja ulikuwa na njaa.

Mwaka 1936 fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilifanyika pale, akashinda Mwaustralia, Lionel Van Praag. Fainali ya 1939 ilifutwa kwa ajili ya vita. Ziliporudi mwaka 1949 bingwa alikuwa Tommy Price, wa Wembley yenyewe, Mwingereza wa kwanza kuupata ubingwa huo. Tangu mwaka ule hadi 1960, kila fainali ya dunia ilikuwa Wembley.

3. KWA NINI ULIONDOKA

Elvin alifariki mwezi Februari 1957. Waliobaki hawakuitaka timu ya Simba, ikafungwa. Ilifufuliwa mwaka 1970, ikaishi misimu miwili tu. Mwisho wa 1971 ilitoweka tena, kwa kuwa haikuweza kupata siku za kutosha katika ratiba ya uwanja. Fainali za dunia ziliendelea kuja mara moja moja, na ya mwisho ilikuwa mwaka 1981. Siku hiyo Mmarekani Bruce Penhall alishinda mbele ya watazamaji zaidi ya 90,000.

Tazameni jambo hili. Siku ya mwisho uwanja ulikuwa umejaa! Basi si kweli kwamba mchezo hufukuzwa kwa kukosa watu. Uliondoka kwa sababu uwanja ulikuwa umepata wageni wengine wenye fedha zaidi, na mwenye nyumba ndiye achaguaye mgeni.

Mfano wa kuchekesha ni wa Kombe la Dunia la mpira la mwaka 1966. Mechi ya Uruguay na Ufaransa ilipangwa siku ya Ijumaa, lakini Ijumaa Wembley ilikuwa siku ya mbwa. Wenye uwanja walikataa kuwaondoa mbwa. Mechi ya Kombe la Dunia ikahamishiwa White City, uwanja mwingine wa London! Zamani zile mbwa walikuwa na nguvu ya kuusukuma mpira. Miaka 30 na kidogo baadaye, mwaka 1998, mbwa nao walitolewa.

Wembley ya zamani ilivunjwa mwaka 2003, na mpya yenye viti 90,000 ikafunguliwa mwaka 2007. Hiyo ilijengwa kwa mpira kwanza. Hata hivyo, mwezi Desemba 2007, na tena mwaka 2008, waliweka lami ya muda ndani yake wakashindanisha magari. Kwa hiyo anayesema kwamba chombo chenye injini hakiwezi kukimbia katika Wembley mpya hasemi kweli. Kiliwahi kukimbia.

4. UDONGO UNAOKUJA NA KUONDOKA

Siku hizi pikipiki huingia katika viwanja vikubwa kama mgeni anayekuja na mkeka wake. Udongo huletwa kwa malori, hulazwa juu ya sakafu iliyofunikwa, hushindiliwa, hukimbiwa usiku mmoja, kisha hukwanguliwa na kuondolewa. Cardiff, mji mkuu wa Wales, ilifanya hivyo tangu 2001 hadi 2024 katika uwanja wake wa taifa, isipokuwa miaka michache ya maradhi ya korona.

Warsaw ilijifunza kwa aibu. Tarehe 18 Aprili 2015 Wapoland walijaza uwanja wao wa taifa, watu zaidi ya 50,000, kumuaga Tomasz Gollob, bingwa wa dunia wa mwaka 2010. Udongo ulikuwa umelazwa vibaya. Ulichimbika, mitambo ya tepe ikasumbua, waendeshaji wakalalamika, na baada ya mashindano 12 shughuli ikavunjwa. Watu walirudi nyumbani wamenuna. Lakini Wapoland hawakukata tamaa. Mwaka uliofuata walilaza udongo upya, vizuri zaidi, mchezo ukarudi, na katika miaka iliyofuata Warsaw ikawa moja ya siku kubwa za mchezo huu. Filamu aliyonionyesha rafiki yangu ilitoka huko.

Na Cardiff je? Mwaka 2025 mashindano ya Uingereza hayakufanyika Cardiff. Yalipelekwa Manchester, katika uwanja uliojengwa kwa pikipiki hasa, uliofunguliwa mwaka 2016. Ni mdogo, haufikii hata sehemu ya kumi ya Cardiff. Lakini ni nyumba yao wenyewe, na udongo haulali pale kwa usiku mmoja.

5. HESABU YA DARASA LETU

Niliporudi darasani niliwapa wanafunzi wangu kamba, vigingi na chaki, tukatoka. Tulichora njia ya pikipiki yenye pande mbili zilizonyoka, kila moja meta 52, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha meta 25 kwa ndani. Mzunguko wa ndani ukawa meta 261, ambao watosha kwa mchezo huu. Tukaipa njia upana wa meta 10.

Jambo la kwanza tulilogundua: kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, njia ile ni meta 122 kwa urefu na 70 kwa upana. Uwanja wa mpira wa kimataifa kwa kawaida ni meta 105 kwa 68. Basi njia yazidi kiwanja kwa meta 17 kwa urefu na 2 kwa upana, kabla hatujaweka ukuta wa kuzuia walioanguka. Pasipo nafasi kando ya kiwanja, haingii.

Jambo la pili ni udongo. Mstari wa katikati ya njia una urefu wa meta 292 na nusu hivi. Zidisha kwa upana wa meta 10 na kina cha sentimeta 30: ni meta za ujazo 877, uzito wa karibu tani 1,500. Lori la meta za ujazo 10 litakwenda safari 88 kuuleta, na safari 88 kuuondoa. Jumla 176, kwa jioni moja!

Wanafunzi wakanyamaza. Kila mmoja wetu hapa Bujumbura anajua foleni za mafuta za miaka hii. Kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono: “Mwalimu, na tukikimbia mara kumi kwa mwaka?” Tukazidisha: safari 1,760. Kisha msichana mmoja akauliza swali lililofungua somo zima: “Na udongo ukiachwa palepale?” Tukaandika ubaoni: safari 88, basi.

6. SISI JE?

Uwanja wetu mkubwa wa Bujumbura ulikuwa ukiitwa kwa jina la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Tangu 2019 unaitwa Intwari, yaani mashujaa. Huo nao una shida zake. Mwezi Juni 2022 timu yetu ya taifa ilicheza na Kameruni nyumbani, lakini “nyumbani” kulikuwa Dar es Salaam, Uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa sababu uwanja wetu haukuwa umekubaliwa na wakuu wa mpira wa Afrika. Mtu ambaye mpira wake mwenyewe ulilazimika kuomba hifadhi kwa jirani, asianze kwa kudai nafasi ya pikipiki juu ya majani yale.

Pikipiki nazo zina shida zake. Mwezi Machi 2022 pikipiki za abiria, baiskeli na tuktuk zilikatazwa kuingia katikati ya mji. Wengi wa vijana wetu wanaishi kwa vyombo hivi. Ujuzi wanao: nani asiyewakumbuka wale wa baiskeli walioshuka na ndizi kutoka Bugarama kwa kasi ya kutisha, na kupanda tena wameshika nyuma ya malori? Ushujaa hatukuukosa kamwe. Tulichokosa ni mahali pa kuuweka.

Afrika Mashariki tunao mfano wa mchezo wa injini uliorudi. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, zikarudi mwaka 2021, miaka 19 baadaye. Lakini hazikurudi jinsi zilivyokuwa. Hazikuzunguka tena nchi tatu. Nyingi ya njia zake zilikuwa upande wa Naivasha, nchini Kenya peke yake. Kinachorudi hurudi kimevaa nguo nyingine.

7. JIBU

Baada ya wiki mbili nilirudi gerejini. Nikamwambia rafiki yangu: mchezo waweza kurudi Wembley, kama ulivyoweza kuingia Warsaw. Udongo upo, ujuzi upo, watu wapo. Lakini utarudi kama mgeni wa usiku mmoja, na siku mwenye nyumba akipata mgeni tajiri zaidi, utatoka tena. Uwanja mkubwa ni heshima ya mchezo, si uhai wake. Uhai wake uko katika viwanja vidogo ambako mtoto hujifunza kuanguka.

Akanyamaza kidogo, akifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, “Basi sisi tusiombe Intwari.”

“Tuombe nini?”

“Tuombe udongo. Kipande cha ardhi mahali pasipofikiwa na maji.”

Alisema neno la maana, kwa kuwa tangu 2020 Ziwa Tanganyika na mto Rusizi vimewahamisha maelfu ya watu wa Gatumba, na njia ya pikipiki ikijengwa pale italala chini ya maji pamoja na nyumba za watu. Uwanda wa Imbo ni mpana. Pako mahali palipoinuka. Pikipiki za methanoli si lazima mwanzoni. Zitoshe hizi zetu ndogo, kofia ngumu, ukuta wa matairi ya zamani yaliyofungwa pamoja, gari la wagonjwa, na mtu mzima wa kusema “leo hapana” udongo ukiwa mbaya, kama ulivyokuwa Warsaw.

“Na huyo mtu mzima atakuwa nani?” nikamwuliza.

Aliugonga mguu wake wa bandia kwa spana, ukalia. Sikuuliza tena.

Wanafunzi wa zamani, baadhi yenu mna ardhi, baadhi mna sauti katika ofisi, baadhi ni madaktari. Gazeti hili huwafikia. Jumapili alfajiri, ukipita barabara ya Gatumba, utawasikia kabla hujawaona. Hao ni wadogo zetu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini pikipiki ya mbio za uwanjani haina breki?
2. Kona ina nusu kipenyo cha meta 30, na mwendo ni meta 15 kwa sekunde. Tafuta mchapuko. Je, ni rahisi au ni vigumu kuliko kona yetu ya meta 25?
3. Kama kina cha udongo ni sentimeta 20 badala ya 30, malori mangapi yatahitajika kuuleta?
4. Arthur Elvin alileta mbwa na pikipiki Wembley kwa sababu gani? Andika aya moja.
5. Pima kiwanja cha mtaa wenu kwa kamba. Njia yetu yaingia humo, au haiingii? Lete mchoro.